Mnafanyaka nini kabisa? Kazi ya ramani za msitu huku Tshopo



Kila mwaka nyuma ya kolasio simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja: "Yaya, niko na lisansi ya agronomia. Kwenye ONG yenu ya mazingira kuko kazi? Na mnafanyaka nini kabisa?" Swali la kwanza siwezi kulijibu, maana mkataba wangu mimi mwenyewe unahesabiwa kwa miezi. La pili nitalijibu leo, juu watu wengi hapa mjini wanafikiri sisi tunazunguka na gari nyeupe tukipanda miti. Hata mama yangu mzazi alifikiri vile. Miaka miwili mizima alikuwa akiniuliza miti yangu imefika wapi.

Shirika letu ni dogo, halitafuti faida, na gari nyeupe hatuna. Tuko na pikipiki mbili. Kuko mwanasheria mmoja, wawezeshaji, mimi wa ramani, dereva wa pikipiki mwenye anajua vijia kuliko GPS yoyote, na bwana wa hesabu mwenye anataka risiti hata kwa mzee mwenye alituvusha mto na mtumbwi. (Mzee anaweka kidole gumba, wino unabaki kwenye kasia lake siku tatu. Tunacheka, lakini bila risiti hizo pesa ya mradi haitoki tena.) Kazi yetu kubwa ni kusaidia vijiji kupata konsesio ya msitu ya jamii, ile yenye kwa Kifaransa wanaita CFCL.

Ili uelewe kwa nini kijiji kinahitaji karatasi juu ya msitu wenye mababu walikaa, inabidi kurudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Julai 1885, katika dola ya Leopold II, amri ilitoka kusema ardhi "tupu" ni mali ya dola. Tupu machoni mwa nani? Hakuna aliyeuliza. Shamba lenye kupumzika lilikuwa tupu, pori la kuwinda lilikuwa tupu. Nyuma ya uhuru, sheria Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ziliendelea kusema udongo ni wa Serikali. Hiyo ya 1973 ilikuwa na kifungu cha 389, chenye kiliahidi kwamba haki za jamii za wenyeji juu ya ardhi zao zitapangwa na amri ya Rais. Wanafunzi wa sheria wanajua vizuri namna ahadi hiyo ilisubiriwa.

Mlango ulifunguka upande wa msitu. Kodi ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 22, ilisema jamii inaweza kuomba sehemu ama msitu wote wenye inamiliki kwa desturi, na kuupewa bila kulipa. Ilibidi kungoja dekrei ya tarehe 2 Agosti 2014 ili tujue namna ya kuomba, kiisha arete ya Februari 2016 kwa namna ya kuusimamia. Msitu hauwezi kupita hekta 50.000, gavana wa jimbo njo anatia sahihi, na jamii inaupata kwa milele. Hesabu vizuri: hekta 50.000 ni kilometa za mraba 500. Kwa kijiji chenye hakina hata darasa lenye kuezekwa na mabati, hiyo si jambo dogo.

Sasa, faili hiyo inabeba orodha ya watu, maelezo ya desturi zao, na ramani. Ramani njo kazi yangu.

Inaanza chini, kabisa chini. Watu wanachora kwenye udongo na kijiti: mto hapa, barabara hapa, makaburi ya zamani, kambi ya wavuvi, msitu wenye hauingiliwi. Wanabishana, wanafuta na mguu, wanachora tena. Kiisha tunahamisha kwenye karatasi kubwa na kalamu za rangi. Kiisha tunatembea. Siku nne, siku tano, na wazee na vijana wa kijiji, tukichukua pointi za GPS kila fasi yenye iko na jina. Chini ya miti mikubwa GPS inapotea. Unasimama katika uwazi wenye mti umeanguka, unangoja dakika kumi mashine ipate satelaiti, siafu wanapanda kwenye buti. Mjini ninaingiza pointi kwenye QGIS, programu ya bure (jifunzeni hiyo, hata kama hamtafanya kazi ya mazingira). Kiisha tunarudisha ramani kijijini ili watu waseme kama ni wao.

Na majirani lazima waitwe. Mpaka wenye mmoja tu anaukubali, huo si mpaka, ni ugomvi wenye unangoja siku yake. Sisi wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa hilo. Februari 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka huko Lubunga, ng'ambo ya mto, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbilia mjini. Wengine kati yenu mlisoma darasa moja na watoto wenye walilala kwenye kambi. Tangu wakati huo, kila nikiona mstari mwekundu kwenye kompyuta yangu, ninauliza mara mbili: nani alikubali mstari huu, na nani hakuwepo?

Lakini swali hilo la pili sikulijua tangu mwanzo. Nililijifunza na aibu.

Ilikuwa kijiji kimoja kwenye barabara ya Bafwasende, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Siku ya kwanza mzee mmoja aliona dekameta yangu akakataa kukaa. Alisema: "Babu yangu alipimiwa shamba na agronomu wa Wazungu. Kamba ilikuwa sawa na hii." Nilifikiri ni hadithi ya uzee. Kumbe hapana. Tangu 1917 koloni la Wabelgiji lililazimisha watu kulima pamba, mpunga na vingine, mpaka siku 60 kwa mwaka, na mwenye alikataa alifungwa. INEAC, taasisi ya utafiti ya Yangambi yenye ilianzishwa 1933, ndiyo ilibuni ule mpango wa kupanga mashamba kwa mistari iliyonyooka msituni, tuliousoma sisi kama mfano mzuri wa sayansi. Kwenye chuo tulihesabu mavuno yake. Hakuna mtihani wenye ulituuliza wenye kulimishwa walisema nini.

Basi, tulifanya ramani. Wenye walitembea na sisi walikuwa wanaume: wawindaji, shefu wa kijiji, vijana wawili. Wawindaji wanajua pori la mbali, na mimi nilifurahi sana na lile pori la mbali, miti ya limbali imesimama kama nguzo za kanisa. Karibu na kijiji niliona misitu midogo, parasoli zimeota, nyasi, nyavu za mizabibu. Nikaandika kwenye ramani: "msitu wa pili, huru". Na kwa sababu mradi ulitaka eneo kubwa la uhifadhi, sehemu nzuri ya hiyo "huru" tuliipaka rangi ya kijani: hapa hapatakatwa.

Siku ya kurudisha ramani, mama mmoja mzee alisimama nyuma kabisa. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, karibu na vyungu. Akauliza: "Ninyi watoto wa mjini, hii rangi ya majani hapa, pembeni ya mto, inasema nini?" Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma. Akasikiliza mpaka mwisho. Kiisha akasema: "Hapo ni shamba langu. Nililiacha lipumzike wakati mjukuu wangu huyu alizaliwa. Mwaka kesho ninarudi kulima. Mmeliandika kwamba halina mwenyewe?"

Watu walinyamaza. Mama mwingine akasimama, na lake liko mule. Kiisha wa tatu.

Nyinyi wa agronomia mnajua tayari kosa langu, maana sisi wote tulifundishwa. Udongo wetu umeoshwa na mvua tangu zamani. Chakula cha mimea hakiko sana ndani yake, kiko katika miti yenyewe. Ukikata na kuchoma, majivu yanalisha mpunga na mihogo mwaka moja, miwili, kiisha shamba linachoka. Unaliacha, parasoli zinaota, majani yanaanguka, rutuba inarudi polepole. Jachere ni shamba, lenye linalala tu. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo hilo. Na bado, nilipoliona kwa macho yangu, niliandika neno moja na la 1885: tupu.

Tena si haki tu yenye ilivunjwa. Hesabu yenyewe ya uhifadhi ilikuwa mbaya. Utafiti wa picha za satelaiti uliotoka 2018 juu ya bonde lote la Kongo ulionyesha karibu 84 kwa mia ya msitu uliopotea kati ya 2000 na 2014 ulikatwa kwa mashamba madogo ya mkono. Wengi wakisoma hapo wanasema: unaona, mkulima njo adui. Lakini fikiri. Mama huyo ukimfungia jachere yake, ataacha kula? Ataenda mbele, ataingia kwenye limbali. Rangi yangu ya kijani ilikuwa inatuma panga moja kwa moja kwenye msitu mkubwa wenye nilikuwa ninausifu.

Usiku ule tulikaa na timu chini ya paa la shule. Mradi ulikuwa unafungwa Desemba, na ilikuwa Novemba. Ramani ilipaswa kwenda na ripoti. Kurudia kazi ilikuwa wiki tatu, na pesa ya wiki tatu haikuwepo. Mmoja wetu alisema tupeleke vile iko, tutasahihisha kwenye mpango wa usimamizi. Sikumlaumu, alikuwa na watoto wanne shuleni. Mimi mwenyewe nilitaka akubaliwe, juu kosa lilikuwa langu na nilitaka lifunikwe. Mwanasheria wetu, dada mwenye haongei mingi, aliuliza tu: "Gavana akiisha kutia sahihi kwa milele, nani atamwendea yule mama kumwambia ni makosa ya ramani?"

Tulirudia. Safari hii tulitembea na wanawake, asubuhi mapema, kabla hawajaenda kazi zao. Tulipata jachere 31 mule mwenye niliandika "huru". Tulipata pia miti ya mbinzo, sapeli kubwa zenye viwavi wanaanguka kila msimu na pesa ya shule inatoka humo. Wawindaji walikuwa wamezipita bila kutaja hata moja. Ni vile tu, mtu anakuonyesha chenye anakitafuta yeye. Miti hiyo leo iko kwenye ramani na majina yake, na kuikata kwa mbao kumekatazwa na kijiji chenyewe, si na sisi.

Ripoti ilichelewa. Mfadhili hakufurahi, na mimi nilikaa miezi miwili bila mshahara, nikiuza mafuta ya mawese na binamu yangu kwenye soko kuu. Siwaambii hivyo ili mnihurumie. Ninawaambia juu mtu akikuonyesha kazi hii katika picha za warsha na maji ya chupa, ujue kuko na miezi ya namna hiyo.

Karatasi ikitoka, kazi haijaisha. Jamii inapaswa kuwa na mkutano mkuu wake, kamati ya usimamizi, kamati ya kuichunguza hiyo ya kwanza, na baraza la wazee; kiisha mpango rahisi wa usimamizi. Kuna vijiji vyenye vilipata karatasi na leo mashine za kukata mbao zinalia humo usiku, sahihi ya mtu mmoja imetosha. Hiyo ni makala nyingine, na sina hakika nitakuwa na moyo wa kuiandika.

Kwa wenye wanauliza wajiandae na nini: QGIS, kuendesha pikipiki kwenye matope, kuandika ripoti ya Kifaransa yenye mtu anaweza kuisoma, na lugha. Kiswahili na Kilingala vitakufikisha kijijini, lakini mambo ya ardhi yanaongewa kwa lugha ya kijiji, na mkalimani mara nyingi ni mtoto wa shefu. Tafuta wa pili.

Faili ya kijiji kile tuliiacha kwenye ofisi ya teritwari, na nakala ya ramani ikapigwa msumari ubaoni ili kila mtu aione. Nilipita hapo mwezi uliopita nikienda fasi nyingine. Mvua ilikuwa imekula kona ya chini. Jachere za akina mama, kwa njano, zilikuwa zinaonekana bado, na mtu nisiyemjua alikuwa ameongeza moja na biki, pembeni ya mto, na jina lake.