Sura ya Sita: Kompyuta Inayochoka Saa Nane Mchana

Tinde ni njia panda. Barabara inayotoka Nzega hugawanyika hapo: mkono mmoja huenda Shinyanga na Mwanza, mwingine hukata kuelekea Isaka, Kahama na hatimaye mpaka wa Rwanda. Malori hayakatiki usiku wala mchana, na yanapopumzika ndipo biashara ndogo zilipojipanga: mama lishe, wajaza upepo, mawakala wa pesa za simu, na stesheneri. Sura hii inaihusu kompyuta ya mezani iliyo ndani ya stesheneri kama hiyo, kwa sababu mashine hiyo inabeba kazi kubwa kuliko umbo lake. Inachapa mitihani ya shule, inaandika barua za kuomba kazi, inajaza fomu za mkopo wa elimu ya juu, inatoa nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ikizima katikati ya maombi, anayeumia ni kijana aliyepanda bodaboda kutoka kijijini akiwa na nauli ya safari moja tu.

Mara nyingi mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010 ya kizazi cha mwaka 2012, au HP Compaq ya miaka hiyo hiyo. Ilianza maisha katika ofisi ya ng'ambo, ikauzwa kwa jumla ilipochoka, ikapita Kariakoo, kisha ikapanda basi kuja Kanda ya Ziwa. Ni mashine imara, na bado ina miaka ya kufanya kazi. Lakini asubuhi inakimbia, na ikifika saa nane mchana inaanza kusuasua: kishale kinaganda, ukurasa unachukua dakika nzima kufunguka, mara inajizima yenyewe. Mwenye duka anaambiwa aongeze RAM, yaani kumbukumbu. Anaongeza, na kesho yake saa nane mambo ni yale yale.

Hapo ndipo pesa nyingi za wenye maduka madogo zinapopotea, na jambo hili linaniuma. Joto na upungufu wa kumbukumbu ni magonjwa mawili yenye dalili moja, yaani uzito. Fundi asiyepima huuza kifaa alichonacho mkononi. Kupima hakuna gharama yoyote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ugonjwa wa joto hufuata jua. Mashine ni nzima saa mbili asubuhi, inalemewa mchana, inapata nafuu jioni, hata kama kazi ni ile ile ya kuchapa barua. Feni inanguruma muda wote, na hewa inayotoka nyuma ya kasha ni ya moto, au haitoki kabisa. Upungufu wa kumbukumbu haujali saa. Hufuata idadi ya vitu ulivyofungua: barua moja haina shida, lakini ongeza kurasa kadhaa za intaneti na picha ya pasipoti, mashine inakwama hata alfajiri. Itazame taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kasha. RAM inapojaa, taa hiyo huwaka bila kupumzika, huku feni ikiwa imetulia, kwa kuwa prosesa haina inalofanya zaidi ya kuisubiri diski. Kwa ufupi, mashine yenye moto na inayonguruma inataka kupozwa, na ile iliyotulia ilhali taa ya diski inahangaika inataka kumbukumbu.

Kisha thibitisha kwa namba. Programu za bure kama HWMonitor au Core Temp zinaonyesha joto la prosesa. Andika joto la saa mbili asubuhi na la saa nane mchana, mashine ikifanya kazi ile ile. Kwa upande wa kumbukumbu, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usome asilimia ya RAM inayotumika wakati wateja wamejaa. Namba hizo tatu zitakuokoa na mengi.

Sasa joto. Dell waliitengenezea OptiPlex 7010 mazingira ya kazi ya nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi. Ofisi ilikotoka pengine haikuwahi kufika hata 27. Kiangazi cha Shinyanga, hasa Septemba na Oktoba, nje peke yake huzidi 30. Ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari hali ni nzito zaidi, maana bati likishapata moto hulimwaga joto lake chini moja kwa moja. Weka humo mashine ya fotokopi, ambayo huyeyusha wino wa unga kwa joto linalokaribia nyuzi 200, na utaona jinsi ile 35 inavyopitwa kabla ya adhuhuri kukamilika.

Kanuni yake ni nyepesi kuikumbuka. Kazi ikiwa ile ile na feni ikizunguka kwa kasi ile ile, kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa. Prosesa iliyokuwa na nyuzi 68 katika chumba cha nyuzi 22 itafika 82 katika chumba cha nyuzi 36. Bado hiyo inavumilika. Prosesa nyingi za Intel za kizazi hicho huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, baadhi chini kidogo ya hapo na baadhi juu kidogo, ili zisiungue. Zikizidiwa kabisa, huzima mashine. Kusuasua kwa mchana ndiko huko kujipunguzia kasi. Kompyuta inajihami.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa vitabu vya kigeni hawalitaji kwa kuwa haliwahusu. Ukanda huu wa Shinyanga uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na zaidi, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini uzito wa hewa hiyo ni mdogo, na uzito ndio unaobeba joto. Feni iliyotosha Kariakoo inafika Tinde ikiwa imeshapungukiwa.

Juu ya hayo yote kuna vumbi. Nchi hii ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na historia yake ya kupoteza miti ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, na kufufua ngitili za Wasukuma, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa. Vumbi la pembeni mwa barabara, la mifugo inayopelekwa mnadani, na kwa walio upande wa Geita vumbi la mawe yanayosagwa kwenye makarasha, lote hutafuta njia ya kuingia ndani ya kasha. Hilo la makarasha ndilo baya zaidi. Lina chembe za mwamba ngumu zinazosaga mhimili wa feni mpaka inaanza kulia.

Vumbi halikai pale unapoliona. Katika OptiPlex, feni ya mbele hupuliza hewa kupitia mfereji wa plastiki hadi kwenye hitisinki, yaani lile bonge la mapezi ya chuma lililokaa juu ya prosesa. Vumbi hujikusanya katikati, nyuma ya feni na mbele ya mapezi, likatanda kama blanketi. Ukifungua kasha na kupangusa juujuu utaridhika, na blanketi litabaki palepale. Lazima feni na mfereji vitolewe.

Fanyia kazi hiyo nje, ukiupa upepo mgongo, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Tumia brashi laini ya rangi na blowa ndogo ya umeme, na zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza, kwa sababu yakikimbizwa kupita kiasi mhimili huharibika. Tinde haikosi kompresa za wajaza upepo, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa. Usizitumie. Hewa yake hutoka na matone ya maji na mafuta, na nguvu yake inaweza kung'oa vipande vidogo kwenye mazabodi.

Baada ya vumbi fuata pesti, ule uji wa kijivu ulio kati ya prosesa na hitisinki. Kazi yake ni kujaza nyufa zisizoonekana kwa macho, kwa kuwa hewa iliyonaswa humo hupitisha joto vibaya mno: aluminiamu hulipitisha kwa ubora wa maelfu ya mara kuliko hewa. Pesti ya mwaka 2012 imeshakuwa chokaa. Ifute kwa spiriti safi isiyo na mafuta, acha pakauke, weka tone moja jipya la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kisha kaza skrubu nne kwa kupokezana pembe kwa pembe. Wapo wanaopaka dawa ya meno. Inafanya kazi siku chache, inakauka, na unarudi ulikotoka.

Mashine nyingi hupona hapa, kabla hujanunua chochote zaidi ya pesti. Kama feni imechakaa na inalia, ibadilishe, lakini angalia soketi yake kwanza: Dell wa miaka hiyo walitumia soketi yao ya pini 5 badala ya pini 4 za kawaida, na feni ya dukani haitaingia. Hitisinki kubwa za kisasa nazo huwa na shida ya kukaa, maana ile ya Dell hufungwa kwa skrubu zinazoshika kwenye kasha lenyewe. Ni afadhali kutafuta feni ya OptiPlex nyingine iliyokufa.

Naomba pia tuiache tabia ya kufungua mfuniko wa pembeni ili mashine ipumue. Mfereji ule umepimwa ili hewa ipite juu ya mapezi. Ukifungua, hewa hupita njia ya mkato, vumbi linaingia kwa wingi, na mende na mijusi wanapata makazi. Funga mfuniko, inua kasha kutoka sakafuni liwe mezani, na liache na nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani. Kitambaa chembamba cha soksi ndefu kikifungwa mbele ya tundu la kuingizia hewa huzuia vumbi vizuri, kwa sharti kifuliwe kila wiki. Kikisahaulika, kitaiziba mashine kuliko vumbi lenyewe.

Ikishapoa, pima tena. Sasa ndipo swali la RAM linapopata jibu la kweli.

Kumbukumbu inapojaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Tofauti ya kasi hapo ni ya kutisha. RAM ya DDR3 ya 1600 hupitisha hadi megabaiti 12,800 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka hupitisha mia na kitu, na hiyo ni pale data inapokuwa imepangwa mfululizo. Sahani yake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa hiyo kila inapotafuta kipande hupoteza milisekunde kadhaa, muda ambao prosesa ingekuwa imeshafanya mamilioni ya hesabu. Gigabaiti 4 zilitosha mwaka 2012. Kwa tovuti za leo, stesheneri inahitaji 8, na kuzidi hapo ni kwa anayehariri video.

Kabla ya kutuma pesa Kahama au Mwanza ili kifurushi kipakiwe kwenye basi, soma kibandiko cha RAM iliyomo. Tafuta maandishi ya namna ya PC3-12800U. PC3 maana yake ni DDR3. DDR2 na DDR4 haziingii, pengo la chini limekaa mahali tofauti. Herufi U ya mwisho ndiyo ya kompyuta za kawaida. Ukiona R, hiyo imetoka kwenye seva, na unafuu wa bei yake ndio mtego wenyewe, kwani OptiPlex haitawaka nayo. Mtego wa pili ni vipande vyenye maandishi 2Rx4, ambavyo mazabodi za Intel za mezani hazivikubali. Unataka 2Rx8 au 1Rx8. Nunua viwili vinavyofanana vya gigabaiti 4, uviweke kwenye sloti za rangi moja, ili prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja.

Mtego wa tatu uko ndani ya Windows. Mashine nyingi zimewekewa toleo la biti 32, ambalo haliwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kawaida huonyesha 3 na kidogo. Mtu ananunua 8, anaona 3, anamgombeza muuzaji bure. Inabidi iwekwe toleo la biti 64. Na kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi hiki, fikiria Linux Mint wakati huo huo. Ikiwa na gigabaiti 8 itaendesha kivinjari, barua na printa bila kulalamika.

Wakati wa kuweka, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, kwa maana hewa kavu ya kiangazi hujaza mwili chaji inayoweza kuua RAM bila wewe kuhisi lolote. Meno ya RAM ya zamani yasugue taratibu kwa ufutio laini. Sukuma mpaka vibanio vyote viwili vifunge. Kisha acha programu ya MemTest86+ iikague RAM usiku kucha duka likiwa limefungwa. Kosa hata moja linatosha kukirudisha kipande kwa muuzaji.

Siku ya wateja wengi, soma tena ile asilimia. Ikiwa RAM inabaki chini ya 70 na joto la saa nane halizidi nyuzi 80, usinunue kitu kingine cha kuingiza ndani ya kasha isipokuwa SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, pale diski hii ya kuzunguka itakapoanza kuchoka. Pesa itakayobaki peleka kwa fundi seremala akupigie silingi bodi chini ya bati, juu ya meza ya kompyuta na pale anapokaa mteja.