Mdomo Unalipishwa, Trekta Inapita Bure

Hapa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, ukitaka kuona mbogi ya F1 ikiwaka, wachana na swali ya nani atabeba taji msimu huu. Uliza tu kuhusu trekta. Base yote inaamka. Maboyz wenye hawajawahi kanyaga saketi watakutajia mwaka, kona, mvua ilikuwa inanyesha aje, na dere mgani alipita hapo akabaki hai. Hii hasira ni ya kitambo, na mi naona wako na haki yote.

Story inaanzia Suzuka, Japani, Novemba 1994. Mvua ya nguvu. Ndai moja ilikuwa imetoka njiani kwa ile sehemu ya Dunlop, na trekta iko hapo inaitoa. Martin Brundle naye akateleza pale pale. Trekta aliikosa kidogo tu, akagonga mhudumu wa njia, jamaa akavunjika mguu. Na huo ndio ule mwaka Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walidedi wikendi moja kule Imola. Hakuna msee wa ofisi angesema usalama ulikuwa mbali na akili yake.

Rukia 5 Oktoba 2014. Suzuka tena, mvua tena, pahali pale pale. Adrian Sutil anateleza, trekta inaingia kutoa ndai yake, na mbio inaendelea na bendera mbili za njano pekee. Raundi yenye inafuata, Jules Bianchi anateleza vile vile na kugonga hiyo trekta kwa spidi ya kilomita 126 kwa saa. Alikaa kwa koma miezi tisa, akafariki 17 Julai 2015. Alikuwa na miaka 25. FIA, ile shirika ya Paris yenye inasimamia mbio za magari dunia mzima, ikaita kamati ya watu 10, wakaandika ripoti ya kurasa 396. Mambo mob iko ndani, lakini yenye ilikwama kwa roho ya mafans ni moja: eti Jules hakupunguza spidi vya kutosha.

Kwa karatasi hiyo ni kweli. Bendera mbili za njano maana yake punguza, jiandae kusimama. Lakini dere ni msee wa kushindana. Ukimwambia apunguze na hujamwambia hadi ngapi, atapunguza kiasi tu, ju anajua mwenye yuko nyuma yake pia anapiga hesabu hiyo hiyo. Mwenye anajua hivo vizuri kuliko wote ni mwenye mbio. Na kweli baada ya Jules kugonga, 2015 ikaletwa ile mfumo ya kulazimisha kila ndai iende polepole kwa kiwango moja hadi njia ikuwe safi. Ni kitu ilikuwa inawezekana. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu Brundle aponee kwa mvua ile ile.

Sasa cheki 9 Oktoba 2022. Suzuka. Mvua. Raundi ya kwanza Carlos Sainz anagonga, gari la usalama linatoka. Pierre Gasly ndai yake imeharibika, anaingia piti, akitoka anakimbizana na msafara mbele. Maji imepanda hewani kama ukungu, haoni kitu. Ghafla hiyo hapo, trekta, ndani ya njia ya mbio. Anaipita kando kwa nafasi ndogo sana. Kwa redio alipiga nduru ya mtu ameona kifo. Alimjua Jules, wote wawili ni Wafaransa. Philippe Bianchi, baba ya marehemu, akaandika kwa Instagram kile kila fan alikuwa anaskia kifuani: kwamba uhai wa madereva hauheshimiwi, na kumbukumbu ya kijana yake pia.

Siku hiyo Gasly akaongezewa sekunde 20, ju alikuwa na spidi mob chini ya bendera nyekundu, ile ya kusimamisha mbio. Sheria ni sheria, sikatai, alikimbia. Lakini weka wakati vizuri: adhabu ya dere ilitoka siku ile ile, na maneno kuhusu trekta ilingoja karibu wiki mbili. Ripoti ya FIA ilipotoka ikakubali ingekuwa afadhali kungoja kabla ya kutoa magari ya kuokoa, ikasema kutoka sasa timu zitapigiwa ujumbe kila wakati chombo kama hicho kiko njiani. Eduardo Freitas, mkurugenzi wa mbio siku hiyo, akatolewa kwa kazi kwa msimu wote uliobaki. Ni hatua, na ni nzuri. Lakini ni nini ilifanya huo ujumbe ungoje hadi 2022?

Mbio ya Japani ikianza saa nane mchana kwao, Bunia ni saa moja asubuhi. Jumapili. Kwa kibanda ya video jenereta inanguruma nje, chai na mandazi zinapita, na nusu ya watu wako na helmeti kwa magoti ju ni wamotari, wakitoka hapo wanaingia kazi. Hawa hawahitaji mtaalamu awaelezee ukungu ya maji. Nduthi ukiipeleka nyuma ya kamioni kwa barabara ya Mahagi, kiangazi unameza vumbi, masika unaoga matope, na zote mbili unaendesha kwa imani. Na kila mmoja amewahi kutana na kamioni imekufa katikati ya njia baada ya kona.

Kitu yenye tanboi anafanya kwanza kamioni ikizima, kabla ya jeki, kabla ya kuuliza ni ekseli ama ni sahani ya klachi, ni kushika panga na kukata matawi. Anarudi nyuma mbali, kabla ya kona, anayapanga barabarani hadi karibu na gari. Hata usiku, hata na mvua. Hakuna mwenye alimpea kozi. Matawi kwanza, jeki baadaye. Ndio maana pale kibandani watu wanapandisha sauti hivo. Shirika yenye iko na kamera kila kona, redio kwa kila kichwa na satelaiti juu, ilitoa trekta kabla ya matawi, tena, kwa saketi ile ile ilizika mtu.

Wakubwa wa FIA tumewaona karibu. Desemba 2024 walikuja Kigali kwa mkutano wao mkuu na kugawa mataji, mara ya kwanza Afrika. Rais Kagame akatangaza hapo Rwanda inataka Grand Prix yake. Wiki chache baadaye mji wetu wa Goma ukaanguka kwa waasi wenye Kongo inasema Rwanda inawasaidia, na waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, akawaandikia F1 waachane na hayo mazungumzo. Hiyo ni hasira ingine, nzito kuliko hii, na kwa Wakongomani haihitaji kuelezwa.

Lakini ile wiki ya Kigali ilikuwa na kitu ingine yenye mafans waliishika. Max Verstappen, bingwa wa dunia wakati huo, alikuwa huko akimaliza adhabu ya kazi ya jamii, ju kwa mkutano wa waandishi Singapore alitumia neno chafu akielezea ndai yake. Alifanya kazi hiyo na vijana na klabu ya magari ya Rwanda, na vijana walifaidika, sina neno hapo. Mwezi uliofuata sheria ikakazwa: dere wa F1 akitukana mara ya kwanza, euro 40,000. Februari 2025 kule Uswidi, Adrien Fourmaux wa rali akapigwa faini ya euro 10,000, na zingine 20,000 zikaning'inizwa juu yake, kwa neno moja kwa mahojiano. Tayari Novemba 2024 chama cha madereva wa F1 kilikuwa kimeandika waziwazi kikiomba wanachama wake waongeleshwe kama watu wazima, na kikauliza doh ya faini inaendanga wapi.

Mi siteti lugha chafu. Mathe yangu akisikia hizo redio atazima TV. Naongea kuhusu haraka. Mdomo ulipata sheria, bei na tarehe kwa miezi michache. Trekta ilipewa miaka 20, halafu minane mingine.

Na kama kuna mahali nilijivunia mbio hizi, ni Naivasha, Machi 2025. Madereva wa rali walikuwa wameungana, wakakubaliana Safari Rally yote hawatahojiwa kama kawaida, kupinga hizo faini. Dere anafika mwisho wa steji, uso wote vumbi, kipaza sauti kinawekwa mbele yake, na ananyamaza, ama anaongea lugha ya kwao. Dunia mzima inacheki. Elfyn Evans alishinda ile rali, lakini ukimya ndio watu waliongea. Mei mwaka huo FIA ikapunguza zile faini. Kwa hivyo usiwahi ambiwa hasira ya watu wa mbio haina kazi. Hata 1986 kwa rali ya Ureno, ndai ya Joaquim Santos ilipoingia kwa umati na mashabiki watatu wakafa, madereva wakubwa wa timu za viwanda walikataa kuendelea. Mwisho wa mwaka yale magari ya Group B, aina ya ndai ya Santos, yakatolewa kwa mashindano ya dunia.

Mashabiki. Hapo ndipo mi nataka mbogi yangu isimame kidogo, ju hii moto yote tunamwagia Suzuka na kuna kaburi karibu zaidi. Vuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi na uko Uganda, upande wa Hoima, kwenye wasee wetu wa Ituri walikimbilia wakihepa vita na wanaishi hadi leo kwa kambi ya Kyangwali. Julai 2022, miezi mitatu kabla ya Gasly, kwa Kabalega Rally huko Hoima, gari la mbio liliingia kwa watu waliosimama kando ya njia. Kuna wenye hawakurudi nyumbani. Hawakuwa na helmeti wala redio ya kupigia nduru. Walikuja kucheki ndai tu.

Kila ajali kama hiyo ikitokea unasikia neno moja: mafans hawaskii. Na ni kweli kuna wenye hawaskii. Nimeona video za maboyz wanaruka nyuma wakati ndai iko mita chache, wakicheka. Lakini hiyo ni ripoti ya Bianchi kwa lugha ingine: mwenye aligongwa ndiye hakupunguza. Mtoto wa kijiji hajui nje ya kona ndiko ndai inatupwa. Mwenye mbio anajua. Kwa rali za dunia, kabla ya ndai ya kwanza kuwaka, kuna magari ya usalama yanapita steji yote yakicheki watu wamesimama wapi, na umati ukiwa mahali pabaya steji inaweza futwa. Michèle Mouton, yule mama Mfaransa mwenye aliendesha Audi na kuwatesa wanaume miaka ya 80, alifanya kazi hiyo ya FIA kwa miaka mob. Ujuzi uko. Unafaa ufike Hoima kwa uzito ule ule unafika Monte Carlo.

Na FIA ikitaka, inawezanga. Halo, ile chuma ya juu ya kichwa cha dere, ilianza 2018 na mafans wengi waliipinga, eti inaharibu luku ya ndai. FIA ikakaza, na ilifanya poa kukaza. Novemba 2020 Bahrain, Romain Grosjean alipasua ukuta wa chuma, ndai ikakatika vipande viwili na kushika moto, lakini Halo ilikinga kichwa chake, akatoka mwenyewe baada ya kama sekunde 28. Leo watoto wake wako na baba. Hakuna fan wa Bunia anaongea vibaya kuhusu Halo tena.

Desemba 2025, huko Tashkent, Mohammed Ben Sulayem alichaguliwa tena kuwa rais wa FIA bila mpinzani. Fan hana kura hapo, na dere pia hana. Wenye kura ni vilabu na mashirikisho ya nchi, na huku kwetu yako: Kenya, Uganda, Rwanda, wote ni wanachama. Hao ndio wasee wa kusimamishwa na kuulizwa, kwa heshima na bila kuchoka. Mlipopiga kura mliomba nini kuhusu magari ya kuokoa? Faini za mdomo ziliwahi nunua hata kamba ya kuzuia watu kwa steji moja ya Afrika? Na ile kona ya Hoima, ni nani aliikagua asubuhi ile kabla ya ndai ya kwanza kuachiliwa?