Kabla Hujapost Ofa ya Seti, Gawanya Mzigo Uone Kinachobaki

Leo tuongelee ofa za seti. Wengi tunapanga idadi ya kwenye seti kwa kuangalia wenzetu wanauzaje. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini kitu kimoja cha darasani natumia kila mzigo ukiingia: kugawanya na kuangalia kinachobaki.

Tuseme umechukua soksi dazeni 7, yaani pea 84, kila pea 1,000. Mtaji ni 84,000. Kwenye seti unauza kwa hesabu ya 1,500 kila pea.

Seti za pea 5: 84 ÷ 5 = 16, zinabaki 4. Seti 16 kwa 7,500 ni 120,000. Faida mkononi 36,000.

Seti za pea 6: 84 ÷ 6 = 14, hakibaki kitu. Seti 14 kwa 9,000 ni 126,000. Faida 42,000.

Tofauti ni 6,000, na imekaa kwenye zile pea 4. Utaziuza moja moja, sawa, ila kila oda ya pea moja inataka mfuko wake na bodaboda wake.

Namba inayogawanya mzigo bila kubakiza inaitwa kigawo. Kupata vigawo vya 84, gawanya kwa 1, 2, 3 kwenda mbele:

1 × 84
2 × 42
3 × 28
4 × 21
6 × 14
7 × 12

5, 8 na 9 zinabakiza, ziache. Ukifika 10 simama, maana 10 × 10 ni 100, imeshapita 84. Vigawo vikubwa umeshavipata upande wa kulia.

Angalizo la kikokotoo cha simu: 84 ÷ 5 kitakuletea 16.8. Hiyo .8 sio pea 8! Chukua 16 × 5 = 80, kisha 84 − 80 = 4. Hizo ndizo zinazobaki.

Je, kama una rangi mbili, nyeusi 48 na nyeupe 36? Tafuta kigawo kikubwa kinachoingia kote: ni 12. Unapata seti 12, kila moja nyeusi 4 na nyeupe 3. Rangi zote zinaisha siku moja, hubaki na nyeupe ambazo hazina mwenza.

Na pea moja ikiwa na kasoro, umebaki na 83? Hiyo ni namba tasa, inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Hapo chagua baki lenye kazi: seti 16 za pea 5, zinabaki 3. Moja ya kupigia picha, mbili za kubadilishia mteja akilalamika. Ziingize kwenye gharama kabisa, kabla hujapanga bei.

Ukimaliza kusoma, hesabu mzigo wako. Andika hapo chini una pisi ngapi, tugawanye pamoja.