Je, Wajua Kuna Saratani Inayoelea Kwenye Maji ya Ubongo?

Saratani ikihamia kwenye ubongo, kwa kawaida hujenga uvimbe ambao daktari huuona kwenye picha, akaupima, na pengine akautoa. Lakini ipo inayosambaa bila donge. Seli za saratani ya titi, ya mapafu, au ya ngozi aina ya melanoma hupenya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, zikaingia kwenye maji yaliyomo humo na kuishi zikielea. Utando huo ndio unaoshambuliwa na homa ya uti wa mgongo.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 tu za maji hayo kwa wakati mmoja, ingawa mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku. Kwa seli yoyote, humo ni jangwani. Protini haifikii hata sehemu moja ya mia ya ile iliyomo kwenye damu, na madini ya chuma ni haba mno. Sasa saratani inakula nini?

Mwaka 2020, kundi la Dkt. Adrienne Boire wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, lilichunguza maji ya wagonjwa seli moja moja. Likakuta seli za saratani zinatengeneza lipokalini-2, protini inayokamata chuma, na pia zina kipokezi cha kuirudisha ndani ikiwa na mzigo wake. Makrofaji, yaani seli za kinga zilizoko humohumo, hazikuwa nayo. Kinachouma zaidi ni kwamba kemikali zinazomwagwa na makrofaji hizo ndizo zinazoichochea saratani itengeneze lipokalini-2. Kinga inamlisha adui! Watafiti walipowapa panya dawa ya kufunga chuma, saratani ilipunguza kasi ya kukua. Kwangu mimi, huo ni mwanzo wa kutia moyo katika ugonjwa ambao bado tiba zake ni chache.

Kwa kuwa maji hayo huzunguka kutoka kichwani hadi kiunoni, dalili nazo hutawanyika: kuona kitu kimoja viwili, mdomo kwenda upande, kutosikia vizuri, ganzi miguuni, maumivu ya mgongo, mkojo kukataa kutoka. Kila moja ikitazamwa peke yake hupata kisingizio chake.

Kipimo ni MRI, pamoja na sindano ya kiunoni ya kuchota maji hayo ili yatazamwe kwa darubini. Sampuli ya kwanza mara nyingi huonekana safi ilhali saratani ipo, hivyo madaktari huirudia.

Basi, kama unamuuguza ndugu aliyewahi kutibiwa saratani, naye akaanza kulalamikia mambo mawili matatu yasiyohusiana, usiseme ni uzee wala uchovu wa dawa. Yaandike yote pamoja, umpelekee daktari wake wa saratani wiki hiyohiyo. Na mkojo ukikwama au miguu ikilegea, mpeleke siku hiyohiyo.