MTUNZE MFANYAKAZI WAKO, NAYE ATAKUTUNZIA SHAMBA

Ndugu mkulima, mwezi huu tutazungumza juu ya jambo ambalo halipandwi wala halinyunyiziwi dawa, lakini likiharibika, mazao yote huharibika pamoja nalo. Jambo hilo ni mtu unayemwajiri. Wakulima wengi wa skimu wanajua vizuri habari za mbolea, mbegu na kuogesha ng'ombe, lakini hawajapata kufundishwa namna ya kukaa na mfanyakazi. Humwandika leo, hugombana naye kesho, na kesho kutwa ameondoka. Halafu husema, "Vijana wa siku hizi hawataki kazi." Je, ni kweli? Na tulitazame jambo hili kwa makini.

Mwiki: mahali ambapo kazi ni nyingi

Tutachukua mfano wa Mwiki, upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kwa sababu hapo shida ya wafanyakazi huonekana upesi. Zamani nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na katani. Sasa nyumba za kupangisha zimeota mahali pengi palipokuwa na mimea. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 imeuleta mji wa Nairobi karibu zaidi.

Mtu wa Mwiki anayefuga ng'ombe watatu au kuku mia mbili katika ploti yake hushindana na mjengo, machimbo ya mawe, boda boda na soko la Githurai. Kijana akichukizwa asubuhi, jioni aweza kuwa amepata kazi nyingine. Basi mkulima huyu hawezi kumshika mfanyakazi kwa nguvu. Inampasa amshike kwa haki.

Nawe mkulima wa skimu uliye mbali na mji, usifikiri kwamba habari hii haikuhusu. Mfanyakazi wa mbali akichukizwa huenda asiondoke, kwa kuwa hana pa kwenda. Lakini moyo wake utaondoka, utabakiwa na mikono tu, na mikono peke yake haikami ng'ombe vizuri.

Tukumbuke tulikotoka

Mwaka 1921 masetla walikubaliana kupunguza mshahara wa wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Kazi haikupunguzwa, bali mshahara tu. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika Kiambu, aliyekuwa mfanyakazi wa simu serikalini, aliongoza watu kulipinga jambo hilo, pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi, na wengi walikufa.

Baadaye Thuku mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa, na mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya chama cha wakulima wa kahawa, KPCU. Mtu aliyetetea wafanyakazi alikuja kuwa na shamba lake mwenyewe.

Hata ninyi wa skimu mna historia kama hiyo. Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, miongoni mwa waliopewa ardhi walikuwamo watu waliowahi kuwa vibarua katika mashamba ya masetla. Leo watoto na wajukuu wao ndio wanaoajiri. Baba zetu hawakuichukia kazi. Walichukia kupunjwa na kudharauliwa. Mtu unayemwajiri leo huchukia mambo yale yale mawili.

Kazi usiyoiona

Mwenye shamba hawezi kusimama nyuma ya mfanyakazi kutwa kucha. Mkamaji huamka saa kumi ya usiku wakati wewe umelala. Sehemu kubwa ya faida yako iko katika kazi ambayo huioni.

Tazama ukamaji. Ng'ombe akiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kupanguswa polepole, homoni fulani mwilini mwake huyateremsha maziwa. Nguvu ya homoni hiyo hudumu dakika chache tu, kwa hiyo yafaa akamwe mara moja mpaka maziwa yaishe. Ng'ombe akipigwa au akipigiwa kelele, hushtuka na kuyazuia maziwa. Mkamaji mwenye hasira humpiga ng'ombe. Mkamaji asiyejali humwacha kabla hajaisha. Maziwa yanayobaki hupunguza utoaji, na kama kiwele kina vijidudu, hukuza ugonjwa wa kiwele.

Sasa fanya hesabu. Ng'ombe mmoja akipungukiwa lita 1 asubuhi na lita 1 jioni, ni lita 2 kwa siku, na lita 60 kwa mwezi wa siku 30. Zidisha kwa ng'ombe ulio nao, kisha zidisha kwa bei ya lita unayolipwa. Huenda ukaona kwamba hasira ya mkamaji inakugharimu zaidi kuliko nyongeza uliyomnyima.

Mshahara na siku yake

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Jambo la kwanza la kumtia mtu moyo ni kumlipa mlichopatana, siku mliyopatana. Kama ni tarehe 30, iwe tarehe 30. Usiseme, "Ngoja pesa za maziwa zije." Mfanyakazi ana watoto wa shule na deni dukani kama wewe. Anayelipwa leo nusu na wiki ijayo robo hawezi kupanga maisha yake, na mtu asiyeweza kupanga maisha yake hutafuta njia ya pembeni. Hapo ndipo chakula cha kuku huanza kupungua guniani. Hatusemi kwamba wizi una haki. Twasema kwamba usiufungulie mlango.

Ukiwa huna pesa kweli, mwambie kabla siku haijafika, umtajie siku nyingine, nawe uishike. Dawa ya deni ni kulipa.

Debe la haki

Katika kahawa, wachumaji wengi hulipwa kwa debe. Njia hii ni nzuri kwa kuwa mwenye bidii hupata zaidi. Lakini ina hatari yake. Ukilipa debe tu, mtu atakuletea debe tu. Atakwangua tawi zima, mbivu na mbichi pamoja, ili lijae upesi. Kahawa mbichi huharibu daraja la mbivu, na matawi yaliyokwanguliwa huumia.

Dawa yake ni hii. Patana nao mapema kwamba debe linalolipwa ni la kahawa nyekundu peke yake. Watandikie turubai, kila mmoja achague yake kabla ya kupima. Bei ya debe iwe ya kumtosha mtu anayechagua, kwa kuwa kuchagua huchukua muda. Nawe uwe mwaminifu katika kipimo. Nyapara anayelitikisa debe ili lishuke, halafu akadai lijazwe tena na kulundikwa, anawaibia watu mbele ya macho yao, nao watalipiza huko kwenye mistari ambako haonekani. Debe lisawazishwe kwa ubao, kwa wote sawasawa, hata kwa jamaa zako.

Amri iwe moja

Katika mashamba mengi kijana hupewa kazi na watu wanne. Baba amwambia akate majani ya ng'ombe, mama amtuma sokoni, mtoto mkubwa amtaka aoshe gari, na nyanya amwita achote maji. Jioni baba amkaripia kwamba majani hayakukatwa. Mtu wa namna hii hata akiwa hodari atachoka, na mwishowe hatamsikia yeyote.

Basi amueni nyumbani ni nani msemaji wa kazi. Asubuhi mpe mfanyakazi kazi za siku kwa mpango: hii kwanza, hii pili. Kama kazi ni mpya, usiseme tu, onyesha kwa mikono yako. Kisha mwambie kwa nini. Ukimwambia, "Kama maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi, utazame kama yana vipande," atafanya siku mbili kisha ataacha. Ukimwambia kwamba vipande hivyo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, atafanya hata usipokuwapo. Na anapogundua ugonjwa mapema, mshukuru mbele ya watu. Asante haina bei, lakini hukumbukwa muda mrefu.

Akikosa

Hakuna mtu asiyekosa. Akikosa, mwite kando. Usimkaripie mbele ya watoto wako au wafanyakazi wenzake. Muulize kwanza ilikuwaje, kisha msikilize. Mara nyingine utakuta kosa ni la panga butu, au ndoo iliyotoboka uliyoahidi kubadilisha tangu mwezi uliopita. Kama kosa ni lake, taja kosa lenyewe. Usitaje kabila lake, wala wazazi wake, wala umaskini wake.

Sheria inasema nini

Wakulima wengine hufikiri kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ni ya viwanda vya Thika peke yake. Sivyo. Humfuata pia mwenye ng'ombe wawili akiajiri mtu. Haya ni machache ya kukumbuka:

1. Kibarua wa kutwa ni yule anayelipwa kila siku jioni. Akifanya kazi kwako siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Huwezi kumwita kibarua miaka mitatu.

2. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mapatano ya maandishi. Ni wajibu wa mwajiri kuyaandika. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu.

3. Mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na akitimiza miezi kumi na miwili, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili.

4. Mfanyakazi apewe nyumba ya kufaa, au fedha za kodi juu ya mshahara. Chumba cha kuwekea mbolea si nyumba ya kufaa.

5. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mweleze kosa hilo kwa lugha anayoifahamu, naye ajitetee, akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Wa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au malipo ya siku hizo, isipokuwa kwa makosa makubwa yaliyotajwa na sheria.

Mshahara wa chini wa kazi za shamba hutangazwa na serikali na hubadilishwa mara kwa mara. Uliza katika ofisi ya kazi iliyo karibu nawe kabla ya kupatana na mtu. Hapo uliza pia habari za michango ya NSSF na ya afya.

Hasara ya kubadilisha watu

Mkulima mwingine husema, "Akienda huyu, nitapata mwingine." Ni kweli, utapata. Lakini mgeni hajui ng'ombe gani hupiga teke, wala yupi amepandishwa na tarehe gani, wala kuku wapi wamechanjwa. Ng'ombe naye hamjui mgeni, na huenda akapunguza maziwa mpaka amzoee. Kila unapobadilisha mtu, hulipa ada ya shule upya, na mwanafunzi akihitimu huenda kumfanyia kazi jirani yako.

Mtu akikaa kwako mwaka mzima akafanya vizuri, mwongeze hata kidogo kabla hajaomba. Wengine humpa mkamaji fungu dogo la fedha kwa kila lita inayozidi kiasi walichopatana. Wengine humpa mfanyakazi sehemu ya shamba alime mboga zake. Chagua linalofaa nguvu zako, lakini ukiahidi, timiza.

La kufanya mwezi huu

Nunua daftari moja. Katika ukurasa wa kwanza andika jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi zake, mshahara wake, siku ya kulipwa na siku ya kupumzika. Nyote wawili mtie sahihi au kidole gumba. Kila mwisho wa mwezi andika ulicholipa, naye atie sahihi tena. Mkipata kukosana, daftari ndilo litakalosema ukweli, kwako na kwake. Mwajiri asiye na daftari hupata shida kubwa mbele ya afisa wa kazi, hata kama alilipa kila senti.

Kisha siku moja kabla ya jua kuchomoza, amka uende bandani ukamtazame anavyokama. Usiende kumpeleleza. Muulize ni ng'ombe gani anamtia mashaka, na ni chombo gani anachokihitaji. Utajifunza juu ya mali yako mambo ambayo huenda hukuyajua.