Alphonso Ford: Mfanyakazi Aliyeficha Maradhi

Kila mwaka, mashindano makubwa ya vilabu vya mpira wa kikapu barani Ulaya, yaitwayo Euroleague, huwa na tuzo kwa mchezaji aliyetia pointi nyingi kuwapita wenzake kwa wastani wa kila mchezo. Tuzo hiyo haina jina la mfalme, wala la tajiri, wala la mwenye kiwanda. Ina jina la Alphonso Ford, mtu mweusi wa jimbo la Mississippi, Marekani, aliyekwenda Ulaya kutafuta riziki kwa mikono yake, akafa akiwa na umri wa miaka 32. Yafaa sisi tulio wafanyakazi tuijue habari yake, kwa maana ndani yake mna jambo lituhusulo kuliko hesabu ya pointi.

Ford alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1971 katika mji wa Greenwood, katikati ya nchi tambarare ya pamba. Huko, kwa vizazi vingi, mtu mweusi alilima, akapalilia, akachuma, na mwingine akauza. Si mbali na mji huo ndiko alikotekwa Emmett Till mwaka 1955, mtoto wa miaka 14, akauawa na wazungu ambao mahakama iliwaachilia. Katika miaka ya 1962 na 1963 watu weusi wa Greenwood walipokwenda kujiandikisha wapige kura, walipigwa na kufungwa. Na mwezi wa Juni 1966, katika mji huo huo, Stokely Carmichael alisimama mbele ya umati akapaza mwito wa nguvu kwa watu weusi, ukasikika dunia nzima. Miaka mitano baadaye Ford akazaliwa.

Alisoma chuo kilicho jirani na kwao, Mississippi Valley State, katika mji mdogo wa Itta Bena. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya watu weusi, wakati ambapo jimbo lilikataza mweusi na mweupe kuketi darasa moja. Hakikuwa chuo cha fahari, wala hakikuwa na fedha nyingi za michezo. Lakini tangu mwaka 1989 hata 1993 kijana huyo alitia pointi 3,165, na hapakuwa na mwaka hata mmoja kati ya minne aliposhuka chini ya wastani wa pointi 25 kwa mchezo. Alipomaliza masomo, katika historia yote ya vyuo vikubwa vya Marekani walikuwako watu watatu tu waliompita kwa jumla ya pointi.

Msomaji angedhani kuwa mtu wa namna hiyo angefunguliwa mlango mara moja. Haikuwa hivyo. Kule Marekani timu za ligi kuu, NBA, huchagua vijana kila mwaka kwa zamu, na Ford alichaguliwa wa 32, na timu ya Philadelphia. Katika ligi hiyo kila timu hucheza mara 82 kwa msimu mmoja. Ford, kwa misimu miwili, akiwa Seattle na kisha Philadelphia, alicheza mara 11, basi. Siku nyingine zote za miaka hiyo alizimaliza katika ligi ndogo, pamoja na vijana wengi wa namna yake, kila mmoja akingoja mwenziwe aumie ndipo aitwe. Kipaji alikuwa nacho, na bidii alikuwa nayo. Nafasi ndiyo hakupewa.

Basi mwaka 1995 akavuka bahari. Yatupasa kueleza kazi aliyoiendea, maana wako wadhanio kuwa mchezaji wa kulipwa ni mtu wa starehe. Ford alicheza nafasi iitwayo mlinzi, yaani mmoja wa wale wachezao mbali na kikapu, wenye kuleta mpira kutoka nyuma na kuutupa kutoka mbali au kupenya kati ya watu warefu kuliko wao. Naye kwa urefu wa kiasi cha mita 1.93 hakuwa mrefu katika mchezo ule. Tena alikuwa mgeni. Katika ligi za Ulaya idadi ya wageni katika timu huwekewa mpaka, na kwa sababu hiyo klabu haimwajiri mgeni aje kujifunza; humwajiri aje kutia pointi. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja. Asiyetimiza matumaini ya waliomwajiri hurudishwa kwao kabla ya msimu kwisha, na mgeni mwingine huletwa mahali pake. Mwili wake ndio jembe lake, na jembe likivunjika hakuna shamba.

Alianza Huesca, mji mdogo wa kaskazini ya Hispania, chini ya milima ya Pyrenees. Mwaka uliofuata akaenda Ugiriki katika timu ya Papagou, kiunga cha Athens. Timu hizo hazikuwa na sifa kubwa, lakini alipewa mpira, naye akafanya kazi iliyomleta. Ndipo mwaka 1997, akiwa na miaka 25, akaambiwa na waganga kuwa ana saratani ya damu.

Maradhi hayo huanzia ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu itengenezwapo. Chembe mbovu huzaliana pasipo kiasi hata zikazisonga chembe zilizo njema. Mgonjwa huishiwa na nguvu kwa sababu damu yake haichukui hewa ya kutosha. Hushikwa upesi na magonjwa mengine kwa sababu walinzi wa mwili wamepungua. Na jeraha dogo laweza kumtoa damu nyingi. Fikiri basi, ndugu msomaji, mtu wa kazi gani angeweza kudhuriwa na ugonjwa huo kuliko yule ambaye kazi yake ni kukimbia, kuruka, na kugongana na watu.

Ford alikaa nje ya mchezo msimu wa 1997 na 1998. Kisha akarudi Athens, kwa timu ya Sporting, na mwaka 1999 akahamia Peristeri, timu ya mtaa wa wafanyakazi magharibi ya mji huo. Huko ndiko Ulaya yote ilikomfahamu. Katika msimu wa 2000 na 2001, akiichezea Peristeri katika Euroleague, alitia wastani wa pointi 26 kwa mchezo, akawapita wachezaji wote wa mashindano hayo, wakiwamo wale wa vilabu vikubwa vyenye fedha nyingi. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Olympiacos, klabu ya Piraeus, mji wa bandari na makuli. Akashika tena nafasi ya kwanza, kwa wastani wa karibu pointi 25, na klabu hiyo ikatwaa Kombe la Ugiriki mwaka 2002.

Baada ya hapo akaenda Italia. Akiwa Siena alivaa kifuani jina la benki iliyolipia timu; na ilipofika Mei 2003 timu hiyo ilikuwa miongoni mwa nne za mwisho katika Euroleague, kule Barcelona, ikashindwa na Benetton Treviso kwa pointi tatu tu katika nusu fainali. Mwaka uliofuata alikuwa Pesaro, mji ulio kando ya bahari ya Adriatic, akivaa kifuani jina la Scavolini, kiwanda cha samani za jikoni. Kazi yake ikaisaidia Pesaro kupata tena nafasi ya kucheza Euroleague katika msimu uliokuwa ukija.

Miaka yote hiyo umma haukujua lolote juu ya hali yake. Waliojua walikuwa wachache. Watazamaji walimwona akifika uwanjani na kutupa mpira kwa mkono uliotulia, wakamshangilia. Akikosa, wakamzomea kama wazomewavyo wengine.

Tarehe 26 Agosti 2004 barua yake ilifika kwa watu wa Pesaro. Aliwaarifu kuwa afya yake haimruhusu tena kushindana kama mchezaji wa kulipwa, akawashukuru. Siku tisa baadaye, tarehe 4 Septemba, alikufa huko Memphis, katika jimbo la Tennessee. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya kwanza kwa wengi waliompenda, na ya pili ilikuwa ya mauti.

Wahenga wetu walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo ni wa hekima, na kwa karne nyingi umewaokoa watu wengi walioona haya kwenda kwa mganga. Lakini tukiusoma juu ya kaburi la mtu huyu, yatupasa tusiusome kwa haraka. Ford hakuwaficha waganga. Wao ndio waliomwambia. Waliofichwa ni wengine, na katika hao wengine wamo wale wenye kununua kazi ya mchezaji kwa mwaka mmoja mmoja.

Hatumsemei marehemu. Mtu ana haki ya kutotangaza habari za mwili wake, na huenda alitaka tu ahesabiwe kwa kazi yake na si kwa huruma ya watu. Wala hatumtuhumu mwajiri wake hata mmoja. Lakini tunaijua biashara yenyewe. Mchezaji hupimwa na waganga kabla ya kutia sahihi, na mwenye kasoro hupunguziwa bei au huachwa. Katika soko la namna hiyo mtu asemaye kweli juu ya maradhi yake huenda akapongezwa kwa ushujaa wake, na kazi akapewa mwingine. Wako watakaosema kuwa watazamaji wangalimpenda zaidi kama wangalijua. Hapana shaka wangalimpenda. Lakini mapenzi ya watazamaji si mkataba, wala hayanunui dawa.

Tangu alipokufa wako wengi waliomsifu kwa ukimya wake. Twaona hatari katika sifa hiyo, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Tumsifu kwa bidii, ni haki yake. Tumsifu kwa kuwa alirudi uwanjani baada ya kuambiwa neno ambalo lingemlaza kitandani mtu mwingine. Lakini tukiusifu ukimya wenyewe, tutakuwa tunamwambia kila mgonjwa aliye kazini kwamba mfanyakazi mwema ni yule asiyesema. Kuli mwenye kifua kibovu anayeogopa kukohoa mbele ya msimamizi atatusikia. Dereva ambaye macho yake yamepungua atatusikia. Mama wa kiwanda cha nguo, ambaye mgongo wake haumruhusu tena kuketi saa nane, atatusikia naye. Wote hao watadhani kuwa twawaamuru wanyamaze, nao watanyamaza, hata siku ile msemo wa wahenga utakapotimia.

Haki ya mtu kuugua na kubaki na kazi yake, au kuiacha kwa heshima pamoja na riziki ya watoto wake, haikushuka kutoka mbinguni mahali popote duniani. Pale ilipo, ilipiganiwa na watu waliojiunga pamoja. Mmoja aliye peke yake katika nchi ya kigeni, mwenye mkataba wa mwaka mmoja, hawezi kuidai. Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya nyota na mfanyakazi aliye na wenzake: nyota ana jina kubwa, lakini siku ya ugonjwa husimama peke yake.

Wakubwa wa Euroleague walifanya jambo jema walipoipa tuzo yao jina la Ford. Mtu wa kwanza kuipata, katika msimu wa 2004 na 2005, alikuwa Charles Smith, Mmarekani mwenzake, naye alikuwa mchezaji wa Pesaro, timu ile ile aliyoiaga kwa barua. Mwaka 2019 ilitwaliwa na Mike James, akiichezea Milano, mlinzi mwingine wa Kimarekani ambaye timu za kwao hazikumchagua alipomaliza chuo. Hivyo njia aliyoipita Ford haijaota majani. Kila mwaka vijana wengi wa Marekani waliokosa nafasi kwao huvuka bahari, kila mmoja na begi lake na mwili wake.

Kwa hao, na kwa kila mwenye kuajiriwa kwa nguvu za mwili, tuzo haitoshi. Mtu aliyekufa hupewa tuzo bila gharama kubwa. Aliye hai na mgonjwa anahitaji mwajiri anayeweza kuambiwa kweli pasipo kumfukuza, chama kitakachosimama upande wake, na mkataba ulioandikwa kwa kujua kuwa mwili wa binadamu huugua. Siku vitu hivyo vitakapopatikana kila mahali, hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumlaumu mwenye kuficha maradhi.