Umanjano wa Watoto Njiti: Mwanga Unapolisaidia Ini (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa kwamba bilirubini, rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, huongezeka kwa watoto wachanga kwa sababu chembe zao huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima, ilhali ini, ambalo ndilo hupaswa kuiandaa rangi hiyo itoke mwilini pamoja na nyongo, bado halijakomaa. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, mzigo huo ni mzito zaidi, kwani ini lake ni changa zaidi na albumini, protini inayoibeba bilirubini ndani ya damu, ni haba. Bilirubini iliyokosa wa kuibeba huweza kupenya hadi kwenye ubongo na kuacha uziwi au mtindio wa ubongo, madhara ambayo yakishatokea hayaondoki. Sehemu hii inaeleza tiba inayotumika zaidi kuzuia maafa hayo, nayo ni mwanga.

Tiba hii haikuanzia maabara, bali iliibuliwa na macho ya muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford iliyoko Essex, Uingereza, Jean Ward, aliyekuwa msimamizi wa wodi ya watoto njiti, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani ili wapate hewa safi na jua, jambo ambalo madaktari wengi wa wakati ule hawakulipenda. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa sehemu moja iliyobaki na umanjano mkali, na ilipochunguzwa ikabainika kwamba ni pale tu palipokuwa pamefunikwa na pembe ya shuka. Majuma kadhaa baadaye, chupa ya damu ya mtoto mwenye umanjano iliyosahauliwa dirishani, mahali penye jua, ilipopimwa ilionyesha bilirubini ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake, Perryman na Richards, waliyaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kifaa chenye taa za buluu na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1958. Inafaa jina la Ward litajwe kabla ya majina yao, kwa maana bila uangalifu wake chupa ile ya dirishani huenda ingemwagwa tu kama damu iliyoharibika.

Ilichukua miaka mingi kueleza kwa nini mwanga hufanya hivyo. Molekuli ya bilirubini ina sehemu zinazopenda maji, lakini imejikunja kwa namna inayozificha ndani, na kwa sababu hiyo haiyeyuki katika maji bali hukimbilia kwenye mafuta, ambayo ni mengi katika ubongo. Mwanga wa buluu unapopenya ngozi na kuifikia molekuli hiyo, huigeuza upande mmoja, na mkunjo ukafunguka. Sehemu zilizofichwa hujitokeza, na rangi ile ile iliyokuwa ikisubiri kazi ya ini sasa huweza kutoka katika nyongo na mkojo bila kuisubiri. Mojawapo ya maumbo mapya, liitwalo lumirubini, halirudi katika umbo la awali, na ndilo lenye mchango mkubwa katika kuisafisha damu.

Kwa kuwa mwanga hapa ni dawa, una kipimo kama dawa nyingine yoyote. Unaofaa zaidi ni ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hadi 490, ambao ni wa rangi ya buluu inayokaribia kijani, wala si miale ya urujuanimno kama wengi wanavyodhani. Na ili tiba ihesabiwe kuwa ya nguvu, inatakiwa kufikia walau maikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Taa iliyochakaa, iliyojaa vumbi au iliyowekwa mbali mno inaweza kuwaka vizuri machoni pa mtu huku ikimpa mtoto dozi isiyotosha, na ndiyo maana wodi yenye taa bila kipimo cha mwanga haijui inatoa tiba kiasi gani.

Hapa ndipo inapolazimu kuizungumzia desturi ya Afrika Mashariki ya kumwotesha mtoto jua la asubuhi. Desturi hiyo na ugunduzi wa Rochford ni ndugu, lakini jua la uani halina kipimo, lina miale ya urujuanimno inayounguza, na kwa mtoto njiti huleta joto kali au baridi ambayo mwili wake hauwezi kuihimili. Watafiti waliofanya kazi Lagos, Nigeria, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za kuzuia miale hiyo halikuwa dhaifu kuliko taa za kawaida. Hata hivyo watoto wale walikuwa wametimiza mimba au kuikaribia, na walikuwa chini ya uangalizi wa kitabibu muda wote. Mzazi anayemwanika njiti nyumbani akingojea umanjano uishe anapoteza saa ambazo ubongo hauna za kupoteza.

Kwa watoto wadogo kabisa hata taa zinahitaji tahadhari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, uliohusisha watoto 1,974 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,000, ulionyesha kwamba kuwaanzishia mwanga mapema na kwa wingi kulipunguza ulemavu wa ukuaji wa akili na mwili, lakini vifo havikupungua, na kwa wale wa gramu 501 hadi 750 kulikuwa na dalili, ingawa haikuthibitika kitakwimu, kwamba huenda viliongezeka. Ngozi yao ni nyembamba mno kiasi kwamba mwanga huzama ndani kabisa, na hivyo dozi inayomfaa mtoto wa kilo 2 si lazima imfae wa nusu kilo.

Mtoto aliye chini ya taa huvuliwa nguo abaki na nepi, hufunikwa macho, hupimwa joto na hunyonyeshwa mara kwa mara, kwani bilirubini nyingi hutoka kwa choo. Tangu taa inapowashwa, rangi ya ngozi haiaminiki tena, kwa kuwa mwanga huipausha ngozi kabla damu haijasafika. Kipimo cha damu pekee ndicho husema kweli, na taa ikishazimwa hurudiwa tena, kwa sababu ini changa huweza kuiacha bilirubini ipande upya.